Watu Wangojeao Ngurumo

Wasomaji wetu wengi watastaajabu wakiambiwa ya kwamba wako watu duniani watamanio ngurumo ije juu ya nyumba zao. Hawatamani mvua kwa ajili ya shamba, maana wengi wao hawana shamba. Wala kisima chao hakikukauka, maana maji yao hutoka bombani. Wataka ngurumo kwa ajili ya ngurumo yenyewe, waone umeme ukipasua usiku, wasikie vioo vya madirisha vikitetema, na asubuhi waulizane, "Je, kwenu ilifika?" Watu hao ni Waingereza, si wote, lakini ni wengi kuliko tulivyodhani. Tulipoonyeshwa maneno yao na mwalimu mwenzetu, aliyekuwa akiyasoma katika simu yake, tulicheka sana. Mmoja wao alikuwa akilalamika kama mtu aliyedhulumiwa urithi, kwa sababu wingu la radi lilipita maili chache upande wa mashariki likawanyeshea jirani. Kisha tukaendelea kusoma, na kicheko kikapungua.

Yafaa kwanza kujua jinsi ngurumo ilivyo adimu kwao. Upande wa mashariki na kusini-mashariki wa Uingereza, ambako ndiko husikika zaidi, hupatikana siku kama 15 au 20 tu katika mwaka mzima, na kaskazini mwa Uskoti ziko sehemu zisizofikia siku 5. Kampala huhesabiwa siku zaidi ya 200. Basi mtoto wa Kampala anapofikia umri wa kuanza shule, huenda amekwisha kuishi siku za ngurumo sawasawa na mzee wa London wa miaka themanini. Tena siku hizo chache za Waingereza huangukia zaidi katika kiangazi chao, tangu mwezi wa Mei hata Septemba. Ikipita Septemba pasipo kitu, mpenda ngurumo hana budi kungoja mwaka mwingine, naye hupita katika baridi na manyunyu ya miezi mingi ambayo hayana sauti yo yote.

Ngurumo zao kubwa kabisa aghalabu hutoka mbali. Katika nchi ya Hispania ziko nyanda za juu pana na kavu, ambazo jua la kiangazi huzichoma mpaka hewa iliyo juu yake ikawa kama ya tanuri. Upepo wa kusini ukivuma, hewa ile huchukuliwa kuvuka Ufaransa mpaka Uingereza, nayo haitambai chini, bali husafiri juu, ikalala juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na nchi. Kila mama apikaye ataelewa yanayofuata, kwa kuwa hewa ile kavu ya moto huwa kama kifuniko cha sufuria. Chini yake joto na unyevu huzidi, watu hutoka jasho, wala hakuna wingu. Halafu hewa ya baridi itokayo bahari ya Atlantiki hufika huko juu, kifuniko huvunjika, na yote yaliyokuwa yamefungiwa hupanda kwa ghafula. Mara nyingi mawingu hayo huanza Ufaransa wakati wa alasiri, yakavuka mlango wa bahari usiku, na watu wa Kent na Sussex huyaona yakimetameta upande wa kusini kabla sauti haijafika.

Lakini kuna siku ambazo kifuniko hakivunjiki. Watabiri wametangaza, watu wamekaa macho, wengine wamepanda vilimani na viti vyao, na wote hutazama katika simu ramani ionyeshayo kila mwali wa umeme unapopiga. Saa sita ya usiku yapita, saa nane yapita, mbingu ni nyeupe kwa nyota. Au kifuniko chavunjika, lakini mbali, juu ya wilaya nyingine. Hapo ndipo tulipoacha kucheka, kwa maana jambo hilo twalijua sana. Ni mkulima gani wa kwetu asiyewahi kusimama mpakani mwa shamba lake mwezi wa Machi, mbegu zi ardhini, akaitazama mvua ikinyesha ng'ambo ya mto na kukoma pale pale mtoni? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walakini wingu lina miguu yake. Mpenda ngurumo wa Uingereza hukosa furaha ya usiku mmoja, na mkulima wetu hukosa unga. Si sawa hata kidogo. Lakini shingo zao zote mbili zimeelekezwa juu kwa namna moja, na uchungu wa kupitwa unafanana.

Tena upendo huo umezaa kazi. Mwaka 1924 mtu mmoja wa mji wa Huddersfield, jina lake S. Morris Bower, alianza kuhesabu ngurumo za Uingereza nzima. Yeye peke yake asingeweza, basi alikusanya watu wa kujitolea katika wilaya mbalimbali, nao wakawa wakimpelekea habari: ngurumo ilisikika saa ngapi, ilitoka upande gani, ilileta mvua ya mawe au sivyo. Mwaka 1974 kikaanzishwa chama kingine, TORRO, cha kuchunguza vimbunga na dhoruba, na mwaka 1982 kazi ya Bwana Bower ikaunganishwa nacho. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka mingi, watu wasiolipwa hata senti wameandika mambo ambayo wenye elimu wameyatumia. Hata majina ya mawingu tuyafundishayo darasani yalitoka kwa mtu wa namna hiyo. Luke Howard alikuwa mtengenezaji wa dawa mjini London, wala kuchunguza hewa hakukuwa kazi yake ya mkate. Lakini mwezi wa Desemba 1802 alisimama mbele ya rafiki zake akaonyesha ya kuwa mawingu, ijapokuwa hugeuka kila dakika, yana jamaa zake chache ziwezazo kupewa majina. Yale yaliyorundikana kama pamba aliyaita kumulasi, na dunia yote ikamfuata. Wasomaji wetu wa Kaimosi na jirani zake watapenda kujua kwamba Howard alikuwa mtu wa Kanisa la Marafiki, lile lile ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi mwaka 1902.

Mtu aweza kuuliza: wawezaje kutamani kitu kiuacho? Swali hili ni la haki, na jibu lake lina uchungu kidogo. Siku ya Jumapili, tarehe 21 Oktoba 1638, watu wa Widecombe katika Devon walikuwa kanisani radi ilipoingia. Wanne walikufa, na kama 60 waliumia. Wakati ule hakuna Mwingereza aliyepanda kilimani na kiti chake kuingojea radi. Baadaye alikuja Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye majaribio yake yalijulikana mwaka 1752, akaonyesha kwamba radi ni umeme, na kwamba ukiipa njia ya chuma toka paani hata ardhini itaifuata, iache watu. Tena katika miaka iliyofuata nyumba zao zilitiwa mabomba ya maji na nyaya za umeme kutani, na hizo nazo ni njia za kuishusha radi chini. Siku hizi wanaokufa kwa radi katika Uingereza nzima ni kama wawili kwa mwaka. Basi hofu ilipoondoka, nafasi yake ikaingia hamu. Wanapenda ngurumo kama mtu apendavyo kumtazama simba akiwa ndani ya gari.

Sisi tu nje ya gari. Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga shule moja katika wilaya ya Kiryandongo, nchi ya Uganda, ikaua wanafunzi 18. Tarehe 10 Machi 2018 iliingia katika kanisa la wilaya ya Nyaruguru, Rwanda, watu wakiwa ibadani, na 16 walikufa. Mwezi wa Oktoba 2018 wanafunzi sita walikufa huko Geita, Tanzania. Asomaye habari hizi pamoja na ile ya Widecombe ataona kwamba radi haikubadilika tangu mwaka 1638. Tofauti ni kuta. Shule zetu nyingi zina paa la bati lililowekwa juu ya miti na matofali, pasipo bomba wala waya. Radi ikifika batini haina njia ya kushuka, basi huruka kutafuta njia nyingine, na aliye karibu huwa ndiye njia.

Tena kuna wale wasemao kwamba radi hutumwa na adui, au kwamba huvutwa na nguo nyekundu. Kwa habari ya nguo, tumewaona watoto wakivuliwa fulana zao na kuachwa watetemeke chini ya mti mrefu, na mti ule ndio hatari yenyewe. Kwa habari ya adui, twasema neno moja tu: familia iliyopoteza mtoto kwa radi ina msiba wa kutosha, haihitaji kutafutiwa mchawi wa jirani.

Tukiwa katika maneno ya wazee, hatutaki kuyatupa yote. Ukoo wa Nganyi katika Bunyore umejulikana tangu zamani kwa kuitazama mvua. Zamani wako walimu wa dini waliowahesabu kuwa waganga tu, wala hatusemi kila walichofanya kilikuwa chema. Lakini wazee hao walitazama maua ya miti, siafu, ndege na upepo, wakakumbuka. Na tangu mwaka 2008 hivi Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekaa pamoja nao, ikilinganisha utabiri wake na wao. Mtumishi wa Eliya alipanda mara saba kuitazama bahari kabla hajaona kiwingu kimoja. Kupanda mara saba ni kazi, na wale wazee waliifanya miaka mingi.

Ngurumo za upande wetu wa ziwa zina saa zake, na mwenye kuzitazama atazijua. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo hutoka Ziwa Viktoria kuja bara. Ukifika kwenye miinuko ya Nandi hukutana na upepo wa mashariki, hewa hukosa pa kwenda ila juu, na baada ya saa nane mawingu huwa yamesimama kama kuta. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hurudi ziwani toka pande zote, na ngurumo huamka juu ya maji, saa ile ile wavuvi wanapokuwa na nyavu zao. Mkulima aliyelala husikia mngurumo wa mbali, akageuka upande wa pili. Mkewe mvuvi halali.

Kwa hiyo tuliporudi kutoka katika kuwacheka Waingereza, tulitafuta daftari. Wanafunzi wa darasa la saba ndio waliopewa kazi. Kila ngurumo huandikwa siku, saa, na upande ilikotoka. Umeme ukionekana huhesabu sekunde mpaka sauti ifike, maana kila sekunde tatu ni kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, mpira huachwa pale pale ulipo, hata kama goli li wazi, na wote huondoka uwanjani. Wala hawarudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwanzoni walinung'unika. Sasa wanashindana nani ataisikia kwanza, na asubuhi ya Jumatatu huulizana ya Jumamosi na Jumapili, maana wengine hukaa ng'ambo ya mto: "Je, kwenu ilifika?" Tulishangaa kusikia neno lile lile la Waingereza.

Lakini wakitoka uwanjani huenda wapi? Huingia darasani, chini ya lile bati. Neno hili ndilo lililotusukuma kuandika. Katika shule yetu halmashauri ya wazazi ina fedha kidogo, iliyochangwa kwa shida, na wako watakao ijenge dari ili watoto wasisumbuliwe na joto na kelele za mvua. Sisi tumeomba inunue fimbo na waya wa shaba wa kushusha radi, na kumlipa fundi aijuaye kazi hiyo, kwa maana waya uliofungwa vibaya ni mbaya kuliko kutokuwa na waya. Mzazi mmoja, mtu mwema na mzee wa kanisa, alijibu kwamba radi i mikononi mwa Mungu, na kuweka waya ni kukosa imani. Tulimwuliza kwa upole kwa nini basi ameezeka nyumba yake, maana mvua nayo i mikononi mwa Mungu. Alicheka, lakini hakusema ndiyo.

Shauri litakatwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Daftari la darasa la saba litakuwa mezani, wazazi walifungue wenyewe, wahesabu ni mara ngapi tangu Machi ngurumo imekuja watoto wakiwa masomoni. Tumeomba kikao kianze saa tatu ya asubuhi, ili kiishe kabla ya saa nane.