Mwenye Vyombo

Mwaka 1988, nilipoingia Dar es Salaam nikiwa na miaka ishirini na gitaa begani, nilidhani watu wa dansi wataniuliza napiga nini. Wakaniuliza, "Mwenye vyombo wako nani?"

Sikuwa naye. Nikaambiwa nikamtafute kwanza, halafu nirudi.

Vyombo ni magitaa, drams, tumba, vipaza sauti, mikisa, spika na nyaya zake zote. Mwanamuziki wa dansi alikuja na vidole vyake na koo lake. Vilivyobaki vilikuwa mali ya mtu, na mtu huyo ndiye aliyeamua bendi ipige wapi, nani aimbe, nani asirudi tena Jumatatu. Kwa wakubwa zetu mwenye vyombo alikuwa shirika. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndiyo maana chama kilipobadili jina na bendi ikabadili: ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka ikaja kuwa Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Mpiga gitaa alipokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Mimi nilifika wakati mashirika yamelegea na vyombo vimeanza kuhamia kwa wenye baa na wafanyabiashara. Mshahara ukageuka mgawo wa mlangoni. Kiingilio kinahesabiwa saa tisa usiku, inatolewa ya vyombo, inatolewa ya petroli ya jenereta, inatolewa ya ukumbi, na kinachobaki mnakitazama watu kumi na wawili.

Nilizaliwa Morogoro, mtoto wa fundi baiskeli. Gitaa langu la kwanza lilikuwa galoni la mafuta lenye shingo ya ubao, na nyuzi zake nilizitoa kwenye waya wa breki. Waya wa breki si uzi mmoja. Ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Unaubana kwenye jiliwa, unashika koleo, unafumua taratibu kinyume cha msokoto. Ukiharakisha unakatika na kukuchoma kidole. Nyuzi mbili ukizisokota tena zinatoa sauti nene, moja peke yake inatoa sauti ya juu. Baba hakuwahi kunikataza, ila aliniambia nichukue nyaya zilizokwisha kazi, nisiguse za wateja.

Mji wenyewe ulikuwa wa magitaa. Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa wa kwetu, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikuwa wa kwetu. Januari 1979 zilipokuja habari kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, baba alifunga banda mchana, akaiweka redio juu ya tandiko la baiskeli ya mteja, tukakaa chini tunasikiliza mpaka betri zikaishiwa nguvu. Nilikuwa na miaka kumi. Siku hiyo ndiyo niliyojua nitafanya kazi gani.

Basi Dar nikampata mwenye vyombo, nikapata na wengine baada yake. Nilipiga rithimu Magomeni, nikapiga solo Kinondoni na Ilala. Sitazieleza sana bendi zile. Maisha yake yanafanana. Nililopata huko la kudumu ni mpiga besi mmoja wa Tanga, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa akikunja mkono wa shati mara tatu kabla ya kugusa uzi. Tulihamahama pamoja miaka ishirini na zaidi. Akihama yeye nami nahama.

Mwaka 1996 nilitunga wimbo uliopendwa. Nilikuwa nao kwenye gitaa tu, unaanza na sauti zangu nne, nao haukuwa umesimama. Tukiwa mazoezini, yeye akaanza kupiga besi peke yake kabla yangu: sauti saba zinazoshuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani, mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga. Mwimbaji alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Kuanzia hapo wimbo ukawa unaanza hivyo, na mpaka leo anayeukumbuka anaukumbuka kwa zile sauti saba.

Tulirekodi kwa pesa za msambazaji mmoja wa Kariakoo. Aliniwekea karatasi mbili za Kiingereza na bahasha ya shilingi laki moja na nusu. Nilitia saini nikiwa nimesimama. Nilikuwa na mtoto mchanga, na kodi ya chumba ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Laki ile na nusu tuligawana sote, ikaisha kabla mwezi haujaisha. Wimbo ukaenda. Miezi michache baadaye nikausikia kwenye daladala Mwanza, abiria wanaimba, kondakta anaimba, nami nimesimama mlangoni na nauli mkononi. Nilipokwenda Kariakoo kuuliza kama kuna chochote, kijana wa dukani akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, ile ulishauza." Nilikuwa na miaka ishirini na nane.

Niliumia, na sikuficha kuumia kwangu. Lakini katika kuumia kule nikaelewa jambo ambalo wazee wetu hawakupata nafasi ya kuniambia. Wao walirekodi Radio Tanzania, kanda mama ikabaki maktaba ya redio, na maktaba ile ndiyo iliyotutunzia muziki wa taifa. Wao walikuwa waajiriwa, walikuwa na mshahara. Mimi sikuwa na mshahara, na kanda mama pia sikuwa nayo. Kumbe kanda mama nayo ni chombo. Aliyenayo ndiye mwenye vyombo, hata kama hajui kushika gitaa.

Tangu siku hiyo nikaanza kuweka akiba. Ilinichukua miaka mitano kupata gitaa langu na amplifaya yake, vyote vya mkononi. Katikati ya miaka hiyo ikapitishwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, COSOTA ikaanzishwa, na mtunzi wa kawaida kama mimi akapata pa kwenda kuandikisha kazi yake. Mwaka 2002 tukaingia studio usiku wa siku mbili, usiku kwa sababu ndio uliokuwa wa bei nafuu, watu sita. Sikuwa na hela ya kuwalipa. Kabla fundi mitambo hajawasha kinasa, nilifungua daftari la kurasa mia mbili, la jalada gumu, nikaandika mbele yao.

Kaseti moja shilingi elfu moja. Mia nne ni ya kanda tupu, kurudufu na kava. Mia sita inayobaki mafungu manane: sisi sita kila mtu fungu moja, fungu la saba la mtunzi, la nane linakwenda kwenye kibubu kwa ajili ya studio ijayo. Kila fungu shilingi sabini na tano. Mpiga besi akasema tu, "Andika na tarehe." Tukatia saini.

Tulirudufu kaseti mia tano. Kava tulichapisha karatasi kubwa kubwa, mke wangu akazikata kwa wembe na rula juu ya meza ya chakula, watoto wakazikunja mara mbili na kuziingiza kwenye visanduku vya plastiki. Nyumba nzima ilinuka wino. Kila iliyokunjwa vibaya mke wangu aliikunjua, akailaza chini ya sufuria ya maji ya moto mpaka ikanyooka, kwa sababu kila kava ilikuwa pesa ya watu sita. Mimi nilikuwa nasikiliza moja katika kila kumi, mwanzo na mwisho, kuhakikisha mkanda haujanasa.

Kuuza nikaanzia Ubungo, stendi ya mabasi ya mikoani. Redio zilikuwa nyingi mjini wakati huo, lakini vijana wa Bongo Fleva ndio waliokuwa juu, na wimbo wa dansi wa mtu asiye na bendi ulikuwa hauna wa kuusemea. Dereva wa basi la Moshi ana saa nyingi na abiria sitini wasio na pa kwenda. Nilimpa kila dereva kaseti moja bure, na utingo wake kumi za kuuza kwa kamisheni. Baada ya wiki mbili utingo wa basi la Iringa alishuka akinitafuta kwa jina: anataka ishirini. Kila shilingi ikaingia kwenye daftari. Kila mwisho wa mwezi tulikutana kwangu, mtu akapokea chake, akatia saini. Mwezi mwingine ulikuwa na elfu nne kwa mtu, mwingine mia tisa. Tuliuza mia nne na thelathini katika miezi minane.

Kisha nikaikuta kaseti yetu kwenye turubai la mmachinga, kava ya fotokopi nyeusi na nyeupe, nusu bei. Kijana aliyekuwa anaiuza alikuwa anaimba wimbo mmoja wa humo, maneno yote, bila kukosea. Nilimweleza mimi ni nani. Alishtuka, akataka kunipa zote alizokuwa nazo. Nilichukua moja, nikamlipa.

Zama za CD nazipita haraka. Mwaka 2013 stempu za kodi za TRA zikaanza kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu, nami nilizibandika zangu moja moja, lakini msikilizaji alikuwa ameshahama. Alikuwa kibandani, anaingiziwa nyimbo mia kwenye memori kadi ya simu kwa pesa kidogo. Mwaka 2016 mpiga besi wangu akafariki, Tanga, kwa maradhi ya figo. Nilikaa karibu mwaka mzima bila kugusa gitaa.

Aliyenirudisha kazini ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa anatengeneza biti kwenye kompyuta chumbani kwake Tandika. Aliniambia, "Mjomba, siku hizi huhitaji msambazaji wa Kariakoo. Unalipia kampuni ya usambazaji mtandaoni, wanaupeleka wimbo kwenye majukwaa yote kwa mara moja, masta, ile kanda mama yenu, inabaki kwako." Nikamwonyesha karatasi mbili za mwaka 1996. Akampelekea rafiki yake anayesomea sheria. Majibu yalipokuja niliyasoma mara tatu: nilichouza ilikuwa ile rekodi. Utunzi haukutajwa popote. Wimbo, yaani maneno na sauti zake, ulikuwa bado wetu. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimekataa hata kuupiga harusini, nikiamini si wangu.

Tukaurekodi upya, mwaka 2020. Wa zamani tulibaki watatu. Besi alipiga kijana wa miaka ishirini na tatu. Nilimfundisha zile sauti saba kwa kuziimba, kwa sababu sikutaka azichukue kwenye rekodi ya zamani kama mtu anayenakili. Alizipata siku ya tatu.

Kabla ya kuachia wimbo, mpwa wangu akakaa kujaza fomu. Picha ya jalada iwe pikseli elfu tatu kwa elfu tatu. Kila rekodi inapewa namba yake ya utambulisho yenye tarakimu na herufi kumi na mbili, ambayo haitatumika kwa rekodi nyingine yoyote duniani. Siku ya kutoka iwe Ijumaa, kama desturi ya sasa. Akauliza, "Mtunzi?" Nikataja jina langu. Vidole vyake vikaendelea kwenda, nikamwambia asimame.

Kisheria mtu anayeshika chombo studioni anapata haki kwenye rekodi aliyoipiga. Rekodi hii mpiga besi wangu hakuipiga. Alikuwa amelala kaburini. Lakini zile sauti saba ni utunzi, na mimi ni shahidi wa siku zilipozaliwa. Nilimwambia mpwa wangu aandike watunzi wawili, nusu kwa nusu. Akanitazama. "Mjomba, kashafariki." Nikamwambia haki ya mtunzi kwa sheria yetu inaishi miaka hamsini baada yake, na ana mtoto.

Malipo ya kwanza yalichelewa, maana majukwaa hulipa baada ya miezi, kwa dola, na mpaka kima fulani kifike. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu miji wanakotusikiliza: Dar, Mombasa, Muscat, London. Niliitazama Muscat kwa muda mrefu, nikijiuliza ni nani huyo. Tulipotoa gharama za benki zikabaki shilingi elfu sabini na mbili. Nikafungua daftari lilelile, lina kurasa tupu bado. Mafungu manane, kila moja elfu tisa. Fungu la mtunzi nusu kwa nusu: elfu nne na mia tano.

Binti wa mpiga besi alikuwa anafanya kazi duka la dawa Buguruni. Nilimpigia, nikamwambia kuna hela ya baba yake. Angeweza kutumiwa kwa simu, lakini alisema, "Hapana, ba'mkubwa, nitakuja mwenyewe." Alikuja Jumapili, na kanga mbili za kumpa mke wangu. Nilimwekea wimbo kwanza. Zile sauti saba ziliposhuka aliinua mkono, nikasimamisha. Akasema, "Hii alikuwa anaiimba akinibembeleza nilale." Nikaurudisha mwanzo.

Nilipompa daftari atie saini hakuandika mara moja. Alirudisha kurasa nyuma mpaka 2002, akaanza kupitisha kidole kwenye safu ya saini, mwezi kwa mwezi, akitafuta mwandiko wa baba yake. Aliupata. Akahesabu mpaka wa mwisho. Zilikuwa nane.

"Naweza kuipiga picha?" akauliza.

Nikasogeza meza dirishani, kwenye mwanga.