Kipawa Kitakufikisha, Tabia Ndiyo Itakuweka



Leo tujifunze kutoka uwanja ambao wengi wetu hatuufuatilii: futiboli ya Marekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji wenye helmeti. Kuna mchezaji anayeitwa mpokeaji. Kazi yake ni kukimbia, kumwacha anayemkaba, na kudaka mpira anaotupiwa na mrushaji.

Kwa miaka mingi nafasi hii imejulikana kwa vipaji vikubwa na vurugu kubwa. Kwa nini? Angalia kazi yenyewe. Mpokeaji anaweza kukimbia mara thelathini katika mechi, na mpira umjie mara saba au nane tu. Amefanya kila kitu sawasawa, yuko peke yake, anapunga mkono, lakini mrushaji ametazama upande mwingine. Hapo moyo unaanza kunong'ona: "Hawanioni."

Mpendwa, hiyo sauti unaijua? Umefanya mazoezi wiki nzima, Jumapili maiki anapewa mwingine.

Antonio Brown alichaguliwa mwaka 2010, akiwa wa 195. Timu nyingi zilimpita! Lakini alijituma, na kuanzia 2013 hadi 2018 alidaka mipira zaidi ya 100 kila msimu akiwa Pittsburgh Steelers. Halafu akagombana na timu yake, akaondoka. Mwezi Septemba 2019 peke yake, timu mbili zilimwacha. Tampa Bay Buccaneers wakampa nafasi nyingine, akashinda ubingwa nao. Tarehe 2 Januari 2022, mechi ikiendelea, akavua jezi, akatupa vitu vyake kwa mashabiki na kutoka uwanjani kifua wazi. Yeye alisema kifundo cha mguu kilikuwa kimeumia na kocha alitaka acheze. Simhukumu, moyo wake Mungu anaujua. Lakini hajacheza tena katika ligi ile.

Sasa mtazame Larry Fitzgerald. Nafasi ile ile, mpira ule ule mmoja. Alicheza misimu 17, yote Arizona Cardinals. Hakuwahi kushinda ubingwa. Miaka mingine warushaji wake walikuwa wa kubadilishwa badilishwa. Bado alidaka mipira 1,432, na alipofunga, mara nyingi alimkabidhi mwamuzi mpira kimya kimya, akarudi kwa wenzake. Mpira usipokuja kwake, aliwazuia wapinzani ili mwenzake apite.

Wapendwa, hiyo ndiyo huduma! Kumzuilia adui njia ili ndugu yako afunge, na wewe jina lako lisitajwe.

Kanisa la Korintho lilikuwa na karama tele na magombano tele. Ndiyo maana 1 Wakorintho 12 inafundisha karama, ya 14 inafundisha karama, na katikati Paulo akaweka sura ya 13, upendo. Ukiiruka ile ya katikati, karama yako itakuwa kelele. Karama hutolewa siku moja; tunda la Roho linakua polepole, na halikui bila kusubiri.

Na sisi viongozi tusikie. Kijana mwenye sauti nzuri anadharau wazee, anachelewa, anawasema wenzake, na tunanyamaza kwa sababu ibada itapwaya asipoimba. Hatumpendi huyo. Tunaitumia sauti yake, na siku itakapokauka tutatafuta mwingine. Anayempenda atamketisha chini na kumwambia ukweli mapema.

Wiki hii, jipime kwa swali moja: mpira ukienda kwa mwenzangu, mimi hufanya nini? Nanuna, ama namzuilia njia?

Tuombe: Baba, asante kwa vipawa ulivyotupa. Tufundishe kukimbia vizuri hata siku ambayo hakuna anayetutupia mpira. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha mtumie mtu mmoja anayehudumu mahali pasipoonekana. Mbarikiwe.