Bariadi: Magoti Yanapofuata Ngoma

Ukisafiri kwa basi kutoka Mwanza kuelekea Musoma, huna budi kuiacha barabara kuu pale Lamadi na kukata kulia ili ufike Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Hii ni nchi ya pamba, ng'ombe na ngoma.

Nilifikia kwa mama mmoja mtu mzima. Asubuhi nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu." Aliitikia akiwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi. Mwaka mzima alikuwa ameketi kwa sababu ya yabisi ya magoti, akiamini kuwa goti linalouma halina dawa ila kupumzishwa. Mapaja yakakonda, goti likazidi kukakamaa, mwishowe akawa wa kushikwa mkono hata kwenda chooni. Tabibu alipomwambia atembee, alidhani anafanyiwa mzaha.

Mjukuu wake alitangulia, simu ikilia ngoma ya Kisukuma. Tulikwenda hadi kwenye mkwaju na kurudi, dakika 10 tu. Ngoma ilipolia, hatua zake zilikuwa sawa, iliponyamaza, alichechemea.

"Mwanangu," aliniambia, "nikiifuata ngoma nasahau kuyahesabu maumivu."

Wasukuma hawakuanza leo. Wapagazi wao wa karne ya 19 walitembea hadi pwani kwa nyimbo. Wachezaji wa bugobogobo hulima kwa mdundo, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Na baada ya mavuno Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma.

Utaalamu wa tiba nao unakubali. Gegedu la goti halina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji ya kiungo, ambayo huenea goti linapotumika. Misuli ya paja nayo ikipata nguvu, hulipunguzia goti mzigo.

Basi, wewe uliye na maumivu hayo, anza na dakika 10 kwenye njia tambarare, kabla jua halijawa kali. Chagua wimbo wa mwendo wa wastani, usiokukimbiza. Fimbo ishike kwa mkono wa upande wa goti lenye nafuu. Maumivu madogo yasikutishe. Lakini goti likivimba, likiwa la moto, au likikataa kukubeba, nenda hospitali.

Kutembea hakumrudishii mtu goti la ujana. Mama yule bado anaumwa. Lakini siku niliyoondoka alinisindikiza kwa miguu yake mpaka barabarani, akiimba mwenyewe kwa sauti ya chini.