Waliotajwa na Wasiotajwa

Makere, kwenye njia ya Kasulu kwenda Kibondo, hujulikana na wengi kwa sababu ya jirani yake, kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita Kongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Ikizuka habari ya bangi, utasikia watu wakisema, "Ni wa kambini," hata kabla ya kuuliza. Wasipotajwa hao, watatajwa vijana wa kijiweni na wa bodaboda.

Sisi wachungaji huulizwa: kama kesi nyingi zinatoka upande mmoja, si huko ndiko dhambi iliko?

Wapendwa, tutazame kesi inavyopatikana. Aliyeibiwa mbuzi huenda kituoni mwenyewe kulalamika. Bangi haina mlalamikaji wa namna hiyo. Muuzaji ananyamaza, na mnunuzi ananyamaza. Kesi huingia kitabuni polisi wanapopekua, au jirani anapotoa taarifa. Kwa hiyo hesabu ya kesi hutuonyesha kwanza mahali palipopekuliwa na watu waliotajwa. Doria zikiongezwa mtaa mmoja, kesi za mtaa huo hupanda, hata kama wavutaji ni wale wale. Anayevutia kijiweni huonekana, lakini anayevutia chumbani kwa baba yake hahesabiwi.

Mama mmoja wa usharika alitujia baada ya ibada, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe anavuta na ameacha shule. Kwa miezi mingi hakumwambia mtu, maana nyumba ikishatajwa haisahauliki. Kijana huyo hayumo katika hesabu yoyote, na kwa sababu hiyo hakuwa na msaada wowote.

Katika Luka 13, watu walimletea Bwana Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu. Kisha akawaita wasikilizaji wenyewe watubu. Naye Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, anafundisha kwamba amri ya nane haikatazi uongo tu. Inatuagiza kumtetea jirani na kulichukua jambo lake kwa wema.

Hatusemi uovu ufichwe. Anayewauzia watoto bangi azuiwe, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ipo kwa kazi hiyo. Lakini hata serikali imeona kwamba aliyenaswa ni mgonjwa pia: Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watumiaji wa heroini mwaka 2011. Dawa hiyo haitibu bangi, ila inatufundisha kumwita mtu aje atibiwe.

Basi wazee wa kanisa wanapotembelea nyumba, waulize swali moja kwa upole ule ule kila mlango: watoto wanaendeleaje? Waanze kwa mzee wa kanisa na kwa mchungaji, ndipo wafike kijiweni na kwa jirani aliyetoka kambini. Mama akijua kwamba swali hili huulizwa nyumba zote, atajibu bila kuogopa aibu.