Mtoto Amezaliwa, Aitwe Nani?

Mnyambo wa Karagwe au Kyerwa humpa mtoto jina kama mtu atumaye barua. Mara humwandikia Mungu, mara marehemu wa ukoo, na aghalabu humwandikia jirani. Byarugaba ni shukrani kwa Rugaba, yaani Mgawaji, ndiye Mwenyezi Mungu. Mugisha ni baraka. Mujuni ni mwenye kuokoa wakati wa dhiki. Kato ni pacha mdogo wa kiume, na Kaiza ni yule azaliwaye baada ya pacha. Tibaijuka maana yake ni "hawakumbuki". Ni akina nani wasiokumbuka, na wamesahau wema gani, hilo mwenye kuambiwa analijua. Jioni mzazi asimamapo uani akamwita mtoto arejee nyumbani, migomba haizuii sauti, na barua husomwa nyumba ya pili pasipo kufunguliwa bahasha.

Jina hilo la mwisho ndilo alilolitaka baba yangu kwa mwanangu wa kiume.

Baba anayo daawa ya mpaka na jirani yake, upande wa Nkwenda wilayani Kyerwa. Jirani huyo alipofiwa na mkewe, shamba lake la kahawa lilianza kugeuka pori. Baba akalipalilia na kulivuna kwa misimu miwili, asidai hata debe moja. Baadaye jirani akapanda miramura mipya, ile mimea ambayo kwetu huonyesha mpaka, hatua nne ndani ya kihamba chetu. Wazee waliitwa, pombe ya ndizi ikanywewa, maneno yakasemwa, miramura ikabaki palepale. Basi mjukuu alipozaliwa, baba aliona kwamba Mungu amempa mdomo wa pili.

Ndugu msomaji, haifai kuicheka fikra hiyo. Kwa desturi za kwetu, babu mzaa baba ndiye mwenye haki ya kulitaja jina, na zamani jina lilikuwa la mtu mwenyewe. Ndugu watano wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata kidogo. Kadhalika majina ya namna hii hayakuwa matusi. Yalikuwa njia ya kiungwana ya kusema lile ambalo likisemwa waziwazi huleta mapanga. Mimi binafsi naona kwamba babu zetu walikuwa na busara katika jambo hilo kuliko sisi tunaokimbilia mahakamani kwa kila mgomba ulioanguka.

Lakini barua ya zamani ilisomwa kijijini tu. Mtoto wa leo huchukua jina lake akaenda nalo Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam, mahali ambapo hakuna aijuaye miramura ya baba yangu; naye atabaki na manung'uniko yasiyo na mtu wa kunung'unikiwa. Zaidi ya hayo, fomu za siku hizi hudai majina matatu, la mtoto, la baba na la babu, hata jina la mmoja likawa mzigo wa wajukuu. Marehemu Mwalimu Nyerere ni mfano mwema. Yeye alizaliwa mwaka 1922 akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja kwa ubatizo mwaka 1943. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, na kwa Kizanaki maana yake ni kiwavi, kwa kuwa mzee huyo alizaliwa wakati viwavi vilipoivamia nchi. Balaa la msimu mmoja huko Butiama likawa jina linalotajwa dunia nzima! Mwalimu alilibeba vizuri, lakini si kila mtoto atakuwa Mwalimu.

Mke wangu, ambaye kwao ni Nyaishozi, alikuwa na hofu ya namna nyingine. Yeye alilipenda jina la Mugisha, kisha akajizuia mwenyewe. Mugisha wamejaa Mbarara na wamejaa Kigali. Sisi tunaokaa kando ya Mto Kagera tunashirikiana majina na watu wa ng'ambo kama tunavyoshirikiana soko la Murongo, wala mto haukuulizwa ulipofanywa mpaka. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipowaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wengi walitambua kwamba jina lenye kuvuka mto huweza kumletea mtu maswali. "Sitaki mwanangu aulizwe kwao ni wapi kila anapotaja jina lake," alisema. Nilimjibu kwamba uraia hauthibitishwi kwa jina. Akaniambia kwamba hayo ni maneno ya gazetini.

Mama yangu naye alishikilia Laureani, kwa heshima ya Kadinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukadinali, mwaka 1960. Juu ya hilo hapakuwa na ubishi. Jina la ubatizo lilipatikana kabla ya chai kupoa.

La nyumbani lilituchukua wiki tatu. Nilikwenda Nkwenda nikiwa nimejiandaa kwa hoja nyingi, nikamkuta baba ameketi chini ya mparachichi, na uani umelala mkungu mkubwa wa ndizi. Ulikuwa umeletwa na jirani yule yule, kwa ajili ya mzazi. Baba aliupokea, kwa sababu mkungu wa mzazi haukataliwi. Tulizungumza mpaka magharibi. Alisema kwamba hakusamehe, na miramura ile ataipigania mpaka kaburini. Ila yamkini barua ya namna ile aiandike mwenyewe kwa kinywa chake, kuliko kumtuma mtoto ambaye bado hajaota jino. Ndipo akalitaja jina ambalo mimi sikulifikiria: Mwesigwa, mtu anayeaminiwa.

Mke wangu alilikubali siku hiyo hiyo. Alisema kwamba kwa mtoto wa mpakani hapana jina lifaalo zaidi.

Sheria ya Bara hutoa siku 90 za kuandikisha kizazi, nasi hatukungoja zimalizike. Cheti kilipotoka kilisomeka Mwesiga, bila ya w. Karani akaona kwamba tunasumbuana kwa herufi moja tu. Naam, wenye kuandika majina ya kwetu wamekuwa wakidondosha herufi tangu zamani. Mwingereza Speke alipokaribishwa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861 aliandika kitabuni mwake "Rumanika", na mfalme hakuwa na dirisha la kurudishia karatasi. Sisi tulikuwa nalo. Nilimweleza karani kwamba katika Kinyambo, kama katika Kiswahili, w hiyo ndiyo itofautishayo mwenye kuamini na mwenye kuaminiwa, na kwamba mtoto wetu ni huyo wa pili. Tulirudi mara mbili. Mara ya tatu tulikipata cheti chenye w, na baba akaomba nakala yake aitunze pamoja na karatasi za shamba.