Mishubiri Ni Mingi, Wala Si Yote Dawa

Watu wengi wakaao katika nchi kavu hudhani ya kuwa mshubiri ni mmea mmoja tu. Wakiona majani manene yenye miiba pembeni na utomvu mchungu ndani yake, husema, "Huu ni mshubiri," kisha hukata wapendavyo. Kumbe katika Kenya peke yake wataalamu wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 50, na miongoni mwake imo itumiwayo kwa dawa na imo iliyo sumu.

Karani mmoja wa Taita, alipostaafu, alirudi katika shamba lake lililo ukingoni mwa nyika, si mbali na Mwatate, akaanza kufuga kuku. Siku moja kuku wakaanza kusinzia na kuhara. Akakumbuka desturi ya wafugaji wengi, nayo ni kukatakata majani ya mshubiri na kuyatia katika maji ya kuku ya kunywa. Basi akatwaa panga, akaingia kichakani, akarudi na majani debe zima.

Mama yake mzazi, mzee wa miaka mingi, alikuwa ameketi kivulini akichambua kunde. Aliokota jani moja, akalivunja, akalinusa, akalitupa mbali.

"Mwanangu, hili lanuka panya," akasema. "Umelikata wapi?"

Karani akajibu kwamba amekata katika miche midogo iliyoota chini ya miti.

"Basi kamwage debe lako shimoni, ukanawe mikono. Hii si ya kuku wala ya mtu."

Karani alinusa naye, akaona kuwa ni kweli. Aliona haya, kwa maana katika miaka yote ya kazi yake hakuna aliyemfundisha kunusa jani.

Kesho yake walikwenda kichakani pamoja, mama akitangulia na fimbo yake. Alimwonyesha kwanza ule wenye harufu ya panya. Ukikomaa huwa kama mti mwembamba, shina lake laweza kupanda hata mita 6, na majani yake yamekusanyika juu na kupinda. Wataalamu huuita Aloe ballyi, kwa heshima ya Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea katika jumba la makumbusho la Nairobi. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1953. Sumu yake ni ya namna ile ile iliyomo katika mmea aliopewa Socrates kunywa kule Athens mwaka wa 399 kabla ya Kristo. Hulegeza viungo mpaka pumzi inakatika. Lakini mche wake ukiwa mchanga bado hauna shina refu, na hapo ndipo mtu adanganyikapo.

Kisha wakafika penye jua kali, mama akamwonyesha mshubiri wa dawa, uitwao na wataalamu Aloe secundiflora. Huu hukaa chini, majani yake yamejipanga kama duara juu ya ardhi, na utomvu wake wa manjano hugeuka rangi ya kahawia ukikauka. Alama yake kubwa ni maua. Vitawi vya maua vimelala kando, na maua yote hutazama upande mmoja, juu, kama watu waliopanga mstari kungoja gari moshi. Rangi yao ni nyekundu iliyofifia, yenye vidoadoa vyeupe vidogo sana. Ndege chozi huja kufyonza asali humo.

Wenzao wa kaskazini nao wana mtihani wao. Katika nyika za huko uko mshubiri wa maua ya manjano yaliyosongamana kama kichwa kidogo, Aloe ruspoliana, ambao watu wameutumia katika nyama ili kuua fisi. Mtu aliyezoea kwamba mshubiri wa dukani una maua ya manjano asidhani kuwa ndio huu. Ule wa dukani asili yake ni Arabuni.

Basi mwenye busara hatazami jani tu. Hutazama shina, hungoja ua, huvunja jani na kunusa. Hata hivyo pua peke yake haitoshi, na mmea usiojulikana sawasawa uachwe. Hata ule wa dawa, utomvu wake huendesha tumbo kwa nguvu, wala haufai kuchezewa. Tena hauwezi kushika mahali pa bwana mifugo, kwa maana kideri hakina dawa, kinga yake ni chanjo. Wala mtu asivune ovyo ili auze. Serikali ilipiga marufuku kuvuna mishubiri ya mwituni mwaka wa 1986, kwa kuwa ilikuwa ikimalizwa, na biashara yake katika nchi za nje ina sheria zake.

Karani yule sasa huwapeleka kuku wake kuchanjwa. Nyuma ya nyumba amepanda mishubiri sita ya maua ya upande mmoja, na kila mmoja mama yake aliunusa kabla haujatiwa shimoni. Wajukuu nao wamekwisha kufundishwa. Kuuliza si ujinga, hata kwa mtu aliyeshika kalamu miaka 30.