Adui Yetu Si Jirani

Ndugu msomaji, umekwisha kujua kusoma. Huenda kitabu cha kwanza ulichotamani kukisoma mwenyewe kilikuwa Biblia. Wanakisomo wengi wazee huniambia hivyo. Kwa hiyo leo nataka kuzungumza nawe juu ya Mkristo na nguvu za uovu: hunaswa namna gani, na husimama namna gani. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima katika kata moja ya Usukuma. Mwaka juzi, wakati wa mvua, mtoto wangu wa miaka mitatu alishikwa na homa. Usiku akapata degedege. Macho yaligeuka, meno yakakaza. Tulimkimbiza zahanati, wakampima, wakaona ni malaria. Wakatupeleka hospitali ya wilaya, akaanza kuchomwa sindano. Mpaka siku ya pili alikuwa bado hamtambui hata mama yake.

Jioni ile baba mdogo alinivuta nje. Akaniambia, "Mwanangu, hospitali watatibu homa. Lakini aliyeituma homa, utamfanya nini?"

Mimi ndiye ninayefundisha kila mwaka kwamba malaria huletwa na mbu. Nimemchora mbu yule ubaoni mara nyingi sana. Kila Jumapili niko kanisani. Lakini usiku ule nilipanda pikipiki pamoja na baba mdogo, tukaenda kwa mpiga ramli.

Unaona, ndugu msomaji? Jaribu halikunijia na pembe kichwani. Lilikuja kwa sauti ya mzee ninayempenda, nami sijalala usiku mbili. Hata Bwana Yesu alijaribiwa nyikani akiwa na njaa, baada ya kufunga siku 40. Shetani hakumwendea siku ya karamu.

Mpiga ramli hakutaja mtu. Alituuliza sisi. Nani alifika nyumbani kabla mtoto hajaugua? Nikakumbuka bibi mmoja, jirani yetu, aliyetuletea viazi. Nikasema, "Alikuja bibi mmoja." Akauliza, "Macho yake ni mekundu?" Nikanyamaza. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Mpiga ramli akasema, "Basi, mmejionea wenyewe." Tukamlipa shilingi 20,000.

Bibi yule ni mwanakisomo wangu. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi. Kwetu kuni ni haba, na wanawake wengi wamepika miaka mingi kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha. Katika Usukuma vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa ajili ya macho ya namna hiyo. Hayo yote nilikuwa nimeyafundisha. Januari 2015 serikali yetu ilipiga marufuku ramli chonganishi, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Hilo pia nilikuwa nalijua. Kujua peke yake hakukunisaidia kitu usiku ule.

Siku ya tatu mtoto alifumbua macho, akaomba uji. Alikuwa bado kwenye sindano zile zile.

Jumapili iliyofuata kanisani tulisoma Waraka kwa Waefeso, sura ya 6. Nilikuwa nimeisikia sura hiyo tangu utotoni, lakini safari hii ilinichoma. Paulo anaeleza waziwazi kwamba vita vya Mkristo si vya kupigana na binadamu. Ni vya kupigana na nguvu za uovu zisizoonekana. Maana yake, ukiona vita vyako vimekuelekeza kwenye nyumba ya jirani, umekwisha kubadilishiwa adui. Mimi nilidhani naukimbia uovu, kumbe nilikuwa nimeufuata kwa pikipiki.

Tena watu wa Efeso hawakuwa wageni wa mambo ya uchawi. Efeso ulikuwa mji mkubwa, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ulikuwa na hekalu maarufu la mungu wa kike Artemi. Matendo ya Mitume, sura ya 19, inasimulia kwamba walioamini walikuja wakaungama mambo waliyoyatenda, na wengi wakachoma hadharani vitabu vyao vya uganga. Thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Darasani tulipiga hesabu. Kipande kimoja kilikuwa karibu ujira wa kibarua wa siku moja. Gawanya 50,000 kwa 365, unapata miaka 136 na siku 360. Kibarua mmoja angefanya kazi karibu miaka 137 bila kupumzika hata Jumapili! Wanakisomo waliguna.

Lakini angalia: walichoma vitabu vyao wenyewe. Hawakuchoma nyumba ya mtu. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi hata wapo wahubiri wanaowaonyesha watu wachawi wao ni nani, tena mbele ya madhabahu. Tofauti yao na mpiga ramli yule siioni.

Katika sura ile ya 6 Paulo anataja mavazi ya askari. Anaanza na mshipi, nao ni kweli. Dirii, yaani vazi la chuma la kifuani, ni haki. Viatu ni vya kupeleka habari ya amani. Kisha ngao, chapeo na upanga. Niliishia kwenye mshipi, kwa sababu huo sikuwa nao.

Niliwaita wazee wa ukoo. Nikawaeleza kwamba mpiga ramli hakuona lolote. Jina lilitoka kwetu sisi wenyewe, na mimi ndiye niliyelianza. Baba mdogo alikasirika, akaondoka kabla ya chakula. Mpaka leo salamu zake kwangu ni fupi. Lakini maneno yalikomea pale, hayakufika kwa vijana wenye mapanga.

Iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Nilikwenda kwa bibi jioni, nikamwamkia, nikamwambia yote. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Mtu aliyewahi kutajwa hutambua upesi. Huko nilikotoka walinitaja. Ndiyo maana nilihamia huku."

Sikuwa na la kusema. Akaendelea na mchicha wake. Baadaye akauliza, "Mtoto anakula?" Nikamjibu anakula. Akanifungia mafungu mawili nimpelekee.

Jumatano alikuja darasani kama kawaida. Alikaa mahali pake karibu na mlango, penye mwanga, akafungua Waefeso. Husoma kwa kufuata mstari kwa kidole.